Kasoro Namba 214

Mama bado anauliza kazi yangu hasa ni ipi.
Namwambia: wenzangu wanapika, mimi naonja.
"Na wakulipa kwa kuonja?"
Wananilipa, Mama, na wananichukia kidogo.

Mwaka huu jikoni mna programu ya falaji,
ya kugawa maji ya Ibra zamu kwa zamu.
Athari, ndivyo wanavyoiita nusu saa ya maji;
kwetu neno hilo ni kile kinachobaki
jambo likishapita.

Kwanza jaribio la moshi:
washa, tazama kama inaungua,
kabla hujaipotezea siku yako.
Kisha kipande kimoja kimoja, kama mchele kwenye ungo.
Athari mbili na tatu ni tano. Kijani.
Kisha vipande vikashikanishwa,
kila kimoja mwema kwao,
vikikutana havisalimiani.
Mama alicheka: "Hiyo si programu, hiyo ndoa."

Mimi ni mtu wa kisanduku cheusi.
Sifunui kifuniko. Natia swali upande huu,
nangoja jibu upande ule.
Vinod ndiye aliyekijenga, ndani anajua kila uzi,
na kwa hiyo kuna anavyovipita bila kuviona.
Nasimama mipakani: fungu la sifuri,
fungu la wiki nzima,
mtu aliyeandika umri pahala pa jina.
Na kila Vinod akishona tundu moja
naivaa upya nguo nzima, mikono na kola,
maana sindano huacha tundu lake.

Haitham, meneja, wiki mbili anaziita mbio.
Upeo wa mradi aliapa hautaongezeka;
wakili wa falaji akataka na mnada wa maji humo humo,
upeo ukaumuka.
Tarehe ya kukabidhi haikusogea hata kidole.

Ndipo nikamkuta Bi Shamsa bint Nasir:
athari moja, usiku wa Ijumaa, saa tatu.
Programu ilimpeleka Ijumaa jioni,
siku nzima baada ya maji yake kupita
kwenda shamba la mwenye mafungu arubaini.
Na majaribio yote kijani,
kijani kama muongo anayeapa,
kwa sababu aliyekosea ndiye aliyeandika jibu sahihi.

"Siku huanza usiku wa manane," akasema Vinod.
Siku ya nani?
Kwetu jua likizama, kesho imeshaingia ndani na kuvua viatu.
Mama, mtoto wa Wete, miaka thelathini yuko Maskati,
na saa ya ukutani hadi leo anaambia
imekosea kwa saa sita.

Nikaandika:
Matokeo yaliyotarajiwa: maji.
Matokeo yaliyopatikana: mchanga.
Uzito: mkubwa.
Haitham akaomba iwe "wa kati", Jumapili tunakabidhi.
Nikaongeza mstari: mitende ya Bi Shamsa ni minane.

Vinod hakujibu. Alifuta mstari mmoja,
akaandika kumi na mmoja.
Nikarudia yote tangu mwanzo,
hata mbili na tatu.

Jaribio la mwisho si letu, ni la mwenye mali.
Tulikwenda Ibra Alhamisi, magharibi imeshaingia.
Saa tatu simu ikalia mkononi mwa Bi Shamsa.
Hakuitazama. Alisikiliza.
Gizani mtu akaondoa jiwe na tambara mdomoni mwa mfereji.
"Bibi, unakubali?" Haitham, kalamu tayari.
Akajibu kwa Kiswahili chake cha Bujumbura:
"Ngojeni yafike mtende wa mwisho."

Kasoro 214 nikaiacha wazi.
Tukahesabu. Wa tano. Wa sita.
Wa saba ulikunywa muda mrefu.
Wa nane uko nyuma ya ukuta, kutoka hapa hauonekani.
Haitham akasema bila shaka yamefika.
Nikavua viatu.